Uzi Mdomoni mwa Arminda

Jumatano moja ya Julai, Arminda alikuwa amebusu kibao cha uzi, kile kinachopitisha uzi huku na huku kwenye mtambo wa kufumia. Ndivyo walivyofanya wafumaji wa kiwanda kile cha pamba, huko Georgia, Marekani, wakati Kaskazini na Kusini zikipigana vita: uzi ukiisha, unaweka mdomo kwenye tundu la kibao, unauvuta mpya kwa pumzi, kisha unautema. Kabla hajautema, askari wa Kaskazini wakaingia, wakasimamisha mitambo. Wanawake wote ni wahaini, walisema, kwa kuwafumia nguo askari wa Kusini. Mwenye kiwanda alikuwa keshajiondokea zamani na vyombo vyake vya fedha, na wala hakuna aliyemfuata.

Arminda aliomba avuke mto kidogo tu, akamchukue Orlena, bintiye wa miaka minne, aliyeshinda kwa bibi yake. Akaambiwa gari la moshi halingoji. Akapandishwa na uzi wake mdomoni.

Uzi ulifunguka kutoka kiwandani njia nzima, ukapita Tennessee, ukavuka mto Ohio hadi Indiana. Askari waliuruka, wakaendelea na kazi zao. Kiwanda kilichomwa, uzi haukuungua.

Jioni ya tisa ukavutwa mara mbili. Arminda akajua ni Orlena, maana ndivyo alivyomvuta gauni akitaka kubebwa. Akalia, akajibu kwa kuvuta mara mbili. Tangu hapo ikawa kila jioni.

“Usipige chafya, shoga,” Theodosia, mfumaji mwenzake aliyeletwa naye, alimwambia Arminda. “Utamwangusha mtoto.”

Vita vilipokwisha, Arminda alikwenda kituoni kuomba hati ya kurudi. Karani aliupapasa uzi, akausifu kuwa ni pamba safi. Kisha akafungua kitabu chake, akapekua weee.

“Mama, humu hujaletwa,” alisema kwa upole. “Na asiyeletwa harudishwi.”

Arminda alijaribu kwa miguu. Mlinzi wa kivuko cha mto Ohio naye alitaka hati ya karani. Basi akarudi Indiana, akawa anafua nguo za watu.

Miaka ikapita, na mkono wa upande wa pili ukazidi nguvu. Jioni moja, mwaka wa kumi na nne, uzi ulivutwa mara mbili kama kawaida. Halafu ukavutwa tena, kidogo sana, na mkono mwingine, mchanga, ambao haujui bado kuachia.

Arminda akaweka pasi chini. Akavuta mara mbili, taratibu, asije akamwumiza. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kituoni kuuliza tena. Kitabu kilikuwa kile kile.