Kikapu cha Ndiga Siku ya San Vicente

Siku ya San Vicente, mtakatifu wa kijiji chetu, mlango wa nyumba yetu haufungwi, na hatumuulizi mtu nani kamwalika. Ukipita njiani ukanusa nguruwe wa kubanika, ingia, kaa, kula. Mchana ule nilikuwa na watu sebuleni ambao hata siwajui: wenzake binamu yangu kazini, dereva wa bajaji na mkewe, na ajuza mmoja aliyesema anatafuta nyumba nyingine kabisa lakini sahani yake ilishajaa tambi. Nje bendi inapiga ngoma mpaka vifuniko vya sufuria vinacheza. Mimi jasho linanitiririka, nywele zinanuka moshi, na juu ya yote nina hasira na dada yangu Charito.

Charito anaishi mjini Cebu. Anakuja kila sikukuu na miwani yake ya jua, na safari hii tangu ashuke melini wimbo wake ulikuwa mmoja tu.

"Mirasol, mama hayuko sawa. Anasahau. Asubuhi kaniuliza weee kama nimeshakunywa kahawa, namjibu, ananiuliza tena."

"Kwani ulishakunywa?"

"Usinichezee! Sikukuu ikiisha naondoka naye."

"Thubutu!" nikamwambia. "Mama ana akili kuliko mimi na wewe tukichanganywa. Nani kapika ndiga leo? Peke yake, toka kumenya mpaka tui. Wewe na miwani yako ungeweza?"

Hapo akarudisha miwani yake machoni, maana ndiga si mchezo. Ni kiazi cha porini, na kibichi chake ni sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia chumvi, unavipanga kikapuni na kuvilaza mtoni chini ya mawe, siku na siku, na kila siku lazima mtu ashuke kuvigeuza na kuvikamua mpaka ule utomvu uishe. Ukikosea, mlaji koo linamwasha, kichwa kinamzunguka, anatapika mpaka nyongo, na akiwa mtoto mdogo unaweza kumzika. Nyumba nyingi hapa kwetu zimeshaacha. Sisi hatujaacha. Wakati wa vita, Wajapani walipobeba mpunga wote, bibi yake mama aliwalisha watu ndiga kule milimani, na tangu hapo hakuna anayegusa nguruwe wetu kabla hajala kijiko cha ndiga za tui. Hata padri. Na anayeanza ni mtoto mdogo kuliko wote nyumbani.

Mdogo kuliko wote ni Lorelie wangu. Alikula kijiko chake mbele ya watu wote, wakampigia makofi, kisha akarudi na bakuli.

"Mama, mwaka huu tamu! Haiwashi hata kidogo!"

"Kula mwanangu, bibi yako kapatia," nikamjibu kwa sauti kubwa, makusudi, Charito asikie.

Nilikuwa nachota wali pale Poldo, jirani yetu, alipoingia kwa mlango wa jikoni. Alitoka kumwogesha nyati wake wa kulimia mtoni, kachafuka tope mpaka magotini, na tembo la mnazi lilikuwa limeshamkolea. Begani kabeba kikapu kinachovuja maji.

"Nyinyi watu wa karamu!" akasema huku anacheka. "Mmesahau ndiga zenu mtoni? Kamba wenyewe hawazisogelei! Nipeni nyama, nimewaletea mzigo."

Akakitua sakafuni. Nikakitazama. Kilikuwa kikapu chetu, na kamba ya bluu niliyoifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikainua jani la mgomba. Vipande vyote vilikuwemo, vimejaa mpaka juu, hakuna aliyepunguza hata kimoja.

Mwiko ukanidondoka.

Kama ndiga za mtoni ziko hapa, basi sufuriani kuna nini?

Nikakumbuka zile nyingine. Mama alichimba nyingi mwaka huu, hazikutosha kikapuni, na zilizobaki alizikata akazianika mkekani chini ya nyumba, kati ya nguzo zake, mbichi, na chumvi yake, zikisubiri zamu yao mtoni. Sijui niliteremkaje zile ngazi. Nikainama chini ya nyumba. Mkeka ulikuwa mtupu. Mtupu kabisa, umekunjwa na kuegemezwa kwenye nguzo. Mungu wangu! Nikapanda tena juu, karibu kwa kutambaa.

Mama alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni, anakikodolea macho kikapu.

"Mama, kwenye sufuria umepika nini?"

"Ndiga."

"Ndiga zipi, mama? Za mtoni hizi hapa!"

Akakifunika tena kikapu kwa jani la mgomba.

"Kuku ulimpa?" Maana kabla ya kupika, kipande kimoja huwa tunamtupia kuku, na tunamtazama. "Mama, nijibu! Kuku ulimpa?"

"Sikumpa," akasema, kwa sauti ya chini hata nusura nisimsikie.

Nikapiga yowe. "Wekeni vijiko chini! Msile! Msile ndiga!"

Sebuleni zogo likazuka. Ajuza yule akatema kwenye kitambaa chake. Dereva wa bajaji akainuka kashika tumbo. "Dada, mimi nimerudia bakuli! Mke wangu ana mimba, naye kala!" Mkewe akaanza kulia. Mimi sikuwa na nafasi ya mke wa mtu. Nilikuwa namtafuta Lorelie, nasukuma watu, naita jina lake, nikamkuta chini ya meza anachezea paka, mdomo umejaa tui.

Nikamvuta kwa mkono mpaka jikoni. Nikamwinamisha juu ya beseni na kumtia vidole kooni.

"Tapika! Tapika, mwanangu, tapika!"

Akakohoa, akanyonga shingo, akaning'ata. Sikuvitoa vidole. Akatapika, nikamrudia. Akalia kwa sauti iliyopasuka: "Mama, koo linauma! Linauma!"

Koo. Ndivyo inavyoanza. Koo kwanza.

"Charito! Mwambie huyo wa bajaji awashe! Hospitali!" Charito alisimama mlangoni, miwani imemwanguka, hata hajui aende wapi. Nikamgeukia mama. Sikuona mama, niliona mtu aliyemlisha mwanangu sumu. "Umetuua!" nikamwambia. "Umeniulia mtoto!"

Mama akaweka mikono masikioni kama mtoto anayepigwa.

"Si ndiga," akasema.

"Nini?"

"Si ndiga, Mirasol. Ni viazi vikuu. Vya kawaida tu. Nilinunua sokoni."

Nikaingiza mkono kwenye sufuria, ikaniunguza, nikatoa kipande nikakitafuna. Ndiga ina namna yake ya kukatika, na inaacha mwasho mdogo nyuma ya ulimi hata ikilowekwa vipi. Hiki kilikuwa laini, kitamu, kama kile anachokaanga muuza viazi pale shuleni. Nikatafuna kingine. Nikamlisha Charito kwa mkono wangu. Akaitikia kwa kichwa: ndivyo, ni viazi vikuu.

"Na zile za mkekani?" nikauliza.

"Nilizifukia nyuma ya banda. Niliogopa nisije nikazipika."

Nikaenda sebuleni nikawaambia watu wakae, wale, nimechanganyikiwa na joto. Walicheka kwa wasiwasi. Dereva akasema, "Dada, utatuua kwa presha wewe," na mkewe akajifuta machozi akaomba maji. Poldo alishajikatia ngozi ya nguruwe na hakuuliza kitu.

Niliporudi jikoni mama alikuwa amekaa sakafuni, na Charito karibu yake. Nikakaa nami, nikampakata Lorelie. Alikuwa bado anatetemeka, na alikuwa ananiogopa, nilimwona anavyoutazama mkono wangu.

"Kwa nini hukusema, mama?" nikamuuliza. "Ningekusaidia. Ningeshuka mtoni mimi."

"Nilishuka mwenyewe," akasema mama. "Nikasimama majini, kikapu nakiona, sikumbuki nimekiweka jana au wiki iliyopita. Sikumbuki kama nilishavikamua vipande. Nikasema nitaonja, nikaogopa. Nikasema nitamwita Mirasol, nikakusikia unavyomjibu dada yako tangu afike, mama ana akili, mama ana akili. Nikaona haya." Akaangalia mikono yake. "Naogopa, wanangu. Kila nikiwasha moto naogopa. Mwaka huu nimekumbuka kuogopa. Mwakani je, nikisahau?"

Nikamfuta Lorelie mdomo kwa ncha ya nguo yangu.

Mama akamshika Charito mkono.

"Nichukue," akasema. "Twende Cebu. Uniweke mbali na jiko, mbali na huyu mtoto."

Charito akaanza kulia. Akanitazama mimi, ananisubiri. Alikuwa anataka nigombe kama nilivyogomba asubuhi, nami neno lilikuwa mdomoni, thubutu, mama haendi popote. Lakini kichwa cha Lorelie kilikuwa kifuani kwangu, nausikia moyo wake unavyodunda. Nikamkumbatia mwanangu, na mama yangu ananitazama, nikanyamaza.