Uzi wa Mtu Mwingine

Siku hiyo mjinga alikuwa Pitchou. Tuliseme mapema, yaishe, msomaji asije akahangaika kumtafuta mjinga mwingine humu ndani na kumkosa. Mwenyewe anakubali, ila hukubali mkewe akiwa kazini.

Pitchou ni fundi cherehani kwenye Jules Street, pale Malvern, katikati ya duka la taa kuukuu za magari na saluni ya Marthe. Kwao ni Lubumbashi. Ana cherehani mbili, pasi moja, mke mmoja aitwaye Orpha na binti mmoja aitwaye Sagesse. Wivu alio nao, hata hivyo, ungemtosha mwanamume mwenye wake wanne, na chenji ingebaki.

Orpha ni mlinzi. Kwa miaka minane alisimama kwenye geti la jengo la ofisi huko Braamfontein, kalamu mkononi, akiwaandikisha wageni. Halafu ukaazi wa kudumu ukatoka, kampuni ikampeleka mafunzo, akafaulu mtihani wa silaha, akapandishwa. Sasa anakaa kiti cha mbele katika gari linalosambaza dawa, amevaa nguo za kiraia, na bastola imefichwa kiunoni. Asubuhi anaichukua kazini kwa sahihi, jioni anairudisha kwa sahihi. Nyumbani haifiki.

Pitchou alijisifu barabara nzima. Akamshonea suruali mbili nyeusi na koti la rangi ya majivu, limebana kiunoni na kufunguka chini kidogo, koti la kumfanya mtu ageuke.

"Wezi wakikuona na koti hili, Mama Sagesse," alimwambia, "wataacha dawa waombe namba ya simu."

Kisha akalala vibaya siku mbili, akiyafikiria maneno hayo hayo aliyoyasema mwenyewe.

Basi, Jumatano moja asubuhi umeme ulikatika. Orpha alikuwa na siku ya mapumziko, na alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona mtu kuhusu mambo ya kazi. Wakati anaaga, cherehani ilikuwa inanguruma na Pitchou aliitikia kwa kichwa tu. Sasa cherehani zilipokaa kimya, maswali yakaanza kunguruma badala yake. Mtu gani? Mambo gani? Ili mikono isikae bure, akachukua suruali moja ya mkewe kwenye kamba atazame vifungo, akaigeuza ndani nje.

Kiuno kilikuwa kimeongezwa kidogo, kisha kikashushwa vidole viwili. Kitanzi cha mkanda cha upande wa kulia kilikuwa kimehama. Na kwa ndani, mbele kidogo ya nyonga, palikuwa na kipande cha kitambaa kinene kilichoshonwa kwa mkono.

Na mkono ule haukuwa wake.

Wewe na mimi tungeona suruali. Fundi huona mkono. Pitchou akimaliza mshono hupiga miwili ya kufunga, anakata uzi, habari imekwisha. Huyu alikuwa amepiga mitatu, halafu mmoja wa kukatisha juu yake, kama mtu anayefunga mlango kisha anarudi kuusukuma ahakikishe. Katika dunia nzima Pitchou alimjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo.

"Ezéchiel!" akasema kwa sauti.

Walijifunza ufundi meza moja kule Lubumbashi. Sasa Ezéchiel ana karakana yake Jeppestown, nusu saa kwa miguu kutoka hapo. Wanasalimiana kanisani, wanaulizana habari za watoto. Lakini kabla Pitchou hajapeleka hata soda kwa wakwe, Ezéchiel aliwahi kumshonea Orpha gauni la kwaya. Bure. Gauni lenyewe lilishachakaa likawa matambara ya kupangusia madirisha, na miaka kumi na mitatu imepita, lakini Pitchou bado anakumbuka lilikuwa na vifungo vingapi mgongoni.

Marthe alichungulia, chanuo mkononi. "Papa Sagesse, unaongea na suruali?"

"Marthe, mume wako akienda kunyolewa saluni nyingine, wewe utafanyaje?"

"Mume wangu ana upara."

"Lakini akienda?"

Marthe alifikiri. "Nitataka kujua huko ananyolewa nini."

Jibu hilo halikumsaidia Pitchou hata kidogo. Aliitia suruali kwenye mfuko wa plastiki, akafunga duka, akaishika Jules Street kuelekea mjini. Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, aliamua atazungumza kwa heshima. Kwenye robot ya pili aliamua atazungumza kwa sauti. Robot ya tatu ilikuwa imezimika kwa sababu ya umeme, na hapo akaamua hatazungumza kabisa: ataitupa suruali mezani iongee yenyewe.

Karakana ya Ezéchiel iko ndani ya ghala la zamani, na mlango wake ni wa bati. Ulikuwa wazi nusu. Pitchou akaweka jicho.

Orpha alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa na kufungwa juu ya mbao, pamoja na mkanda wake wa usalama. Ezéchiel alikuwa amepiga magoti mbele yake, tepu shingoni, pini tano mdomoni, vidole viwili kwenye kiuno cha suruali. Na Orpha alikuwa anacheka.

Kucheka ndiko kulikomchoma. Pitchou alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha mkewe namna ile, akapata mwezi wa tano, alipojipiga kidole kwa pasi.

Akausukuma mlango.

"Uzi huu," akasema, akiitupa suruali mezani, "uzi huu ni wa nani?"

Ezéchiel, pini mdomoni, akasema mmm.

"Usinijibu mmm! Nakuuliza kama mwanamume!"

"Papa Sagesse," akasema Orpha bila kuinuka, "rudisha mlango, vumbi linaingia kwenye vitambaa."

"Vumbi! Mke wangu anapimwa kiuno Jeppestown na mimi nifikirie vumbi? Simama hapo!"

Orpha akafungua mkanda wa gari na kusimama. Blauzi ikapanda kidogo, na mpini wa bastola ukachungulia.

Pitchou aliyatia makeke yote mfukoni kwa sekunde moja. Aliruka nyuma ya sanamu ya kupimia nguo, ile isiyo na kichwa, na mikono yake miwili ikatokea juu ya mabega ya sanamu.

"Mama Sagesse, mimi nilikuwa nauliza tu."

"Ya plastiki," akasema Orpha, akaichomoa. Ilikuwa ya rangi ya buluu mwili mzima, ile ambayo kampuni huwapa ya kufanyia mazoezi. "Hata maji haitoi."

Ezéchiel alitema pini moja moja kwenye kiganja, taratibu, kwa sababu mtu anayetaka kucheka na pini mdomoni anacheza na uhai wake. "Karibu, ndugu," akasema. "Toka huko. Huyo mwanamke asiye na kichwa ana mwenyewe."

Ndipo Orpha akaeleza. Kesho yake asubuhi msimamizi atawakagua. Atawasimamisha, atawakalisha garini, atawainamisha wabebe boksi la dawa. Ambaye bastola yake itajichora kwenye nguo, au ambaye atakuwa anaishikashika kila dakika kwa kuwa inamuumiza, anarudishwa getini, zamu za mvua na kitabu cha wageni. Na yeye ameshaonywa mara moja.

"Umeonywa? Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Neno hilo lilimwingia Pitchou mahali pabaya, lakini wivu ulikuwa umekalia kiti cha mbele, ukakataa kumpisha mwingine. "Kwa hiyo umemletea Ezéchiel. Sawa. Na Ezéchiel amekuwekea bastola mbele ya nyonga! Nani anaweka chuma mbele? Inawekwa nyuma, pale mgongo unapoingia ndani. Pale pana nafasi. Nguo inaanguka yenyewe."

"Pana nafasi?" Orpha akamnyooshea ile plastiki. "Haya, fundi. Weka hapo nyuma, ukae."

Pitchou akaipachika nyuma na kukaa kwenye kiti cha gari kwa nguvu zote za mtu mwenye haki. Akainuka haraka kuliko alivyokaa, ameshika uti wa mgongo.

"Mimi nakaa hivyo saa nane kwa siku," akasema Orpha. "Na nikianguka chali?"

"Basi pembeni. Juu ya nyonga kabisa."

"Weka pembeni. Funga na mkanda."

Akafunga mkanda. Kufuli lake lilikuja kukaa papo hapo penye bastola, likaibana kwenye nyonga. Na alipojaribu kuichomoa, kiwiko kikamgonga dereva ambaye hakuwepo, yaani stuli ambayo Ezéchiel alikuwa ameiweka mahali pake. Ezéchiel aliiweka sawa taratibu. Upole wake ulimuudhi Pitchou kuliko tusi.

"Mbele kabisa, basi! Chini ya kitovu!"

"Weka."

Akaweka, akainama kama mtu anayeokota boksi, na kitambi chake na mpini wa bastola vikakutana. Sauti aliyoitoa tuiache hapo hapo Jeppestown.

"Nusu ya walinzi wa mtaa huu nawashonea mimi," akasema Ezéchiel. "Wote wamekalia kiti hicho. Mwanamume anaiweka kwenye nyonga, anavumilia. Shemeji ana kiuno kifupi, nyonga zinatoka nje. Kwake chuma kinasukumwa, mpini unapanda kwenye mbavu. Ndiyo maana nimeshusha kiuno cha suruali vidole viwili, nikasogeza bastola mbele kidogo ya mfupa, ikwepe kufuli la mkanda, na kile kipande kinene kinaituliza isicheze. Moja tumeijaribu, imekubali. Leo namalizia ya pili."

"Umejuaje mambo ya mbavu zake?"

Ezéchiel aligeuka akatazama ukuta, akawa anahesabu bobini za uzi ambazo hakuna aliyemuuliza idadi yake. Orpha akainua ukingo wa blauzi, upande wa kulia, kiasi cha kumwonyesha mumewe peke yake. Pale mbavu zinapoishia palikuwa na alama ukubwa wa kifuniko cha chupa, katikati nyeusi, pembeni imeanza kuwa ya kijani.

"Amejua kwa sababu nimemwambia," akasema, akashusha blauzi.

Pitchou alizijua namba zote za mwili ule: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, zile za mwaka wa harusi na zile za baada ya Sagesse kuzaliwa. Alama ile haikuwa kwenye daftari lake.

"Na koti?" akauliza, sauti imeshuka. "Koti nalo umelipasua?"

"Koti sijaligusa," akasema Ezéchiel, bado anautazama ukuta. "Koti ni lako, ndugu. Mimi sifungui mshono wa fundi aliye hai bila yeye kuwepo. Lakini hapo ndipo penye kazi. Livae, shemeji, aone."

Orpha akaipachika bastola mahali pake papya, akalivaa koti la majivu, akafunga kifungo. Lilimkaa vizuri mno. Kila kitu kilionekana: kiuno, nyonga, na mbele kidogo ya nyonga bastola nzima, imejichora kwenye kitambaa hata mtoto angesema ni ya aina gani. Alipoinua mkono, koti lilinasa kwenye mpini na kubaki huko juu.

Lilikuwa koti zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Alilikata ili Malvern yote iseme, aisee, yule ndiye mke wa Pitchou.

"Nipe wembe," akasema.

Akakaa kwenye kile kiti cha gari, akaligeuza koti, akaanza kuufumua mshono wa pembeni, mishono yake mwenyewe, midogo, ya kujivunia. Alifungua ubavu wa kulia, akaongeza nafasi ya vidole vitatu, akaukata mkunjo wa kiunoni ukapotea. Kwenye pindo la chini akashonea vyuma viwili vidogo vya kutia uzito mapazia, upepo usilipeperushe. Ezéchiel akashika upande wa pili bila kuombwa. Kwa nusu saa walifanya kazi meza moja kama zamani, na Pitchou angeweza kunyamaza hapo, akabaki mjinga wa asubuhi tu. Lakini yeye hakujaliwa kunyamaza.

Orpha alikuwa amelivaa, amekaa, ameinama, ameinua stuli iwe boksi la dawa. Hakuna kilichojichora. Uso wake ulikuwa umelegea, uso wa mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana.

"Sawa," akasema Pitchou, akikunja tepu kwa hasira. "Limekaa. Lakini mimi nina swali langu, na silimezi. Mimi ni mumeo. Mimi ni fundi. Nyumba moja, kitanda kimoja, cherehani ziko hatua tano kutoka kwenye jiko lako. Kwa nini ulete maumivu yako Jeppestown, kwa huyu wa gauni la kwaya?"

"Gauni la kwaya!" akasema Ezéchiel. "Ndugu, bado tuko kwenye gauni?"

"Wewe nyamaza. Namuuliza mke wangu. Kwa nini yeye?"

Orpha alifunga kifungo cha koti, akachukua mkoba wake, akaenda hadi mlangoni. Hapo akageuka.

"Miezi miwili natembea nimeinama upande mmoja, Papa Sagesse. Ezéchiel aliniona mara moja tu nikivuka barabara, akauliza naumwa wapi. Wewe umenitazama miezi yote miwili, na ulichokiona ni uzi."