Mgongo wa Damari

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, Damari aliwaonea wivu walipa kodi. Wanaume waliofika barazani Ipinda kujiandikisha kupiga kura walitoa stakabadhi za kodi ya kichwa, wakaandikwa, wakatoka vifua mbele. Yeye sifa yake ya kupiga kura ilikuwa elimu ya darasa la nane, lakini hakuwa na karatasi yoyote ya kuithibitisha. Cheti kilikwenda na mafuriko ya Songwe, pamoja na kuku.

“Basi jumbe wa kwenu aje aape kwamba anakujua na kwamba umesoma,” alisema karani Eliud, mtu wa kuja kutoka Iringa. “Si yule pale nje? Fanya haraka, leo ndiyo mwisho.”

“Yule ni baba mkwe wangu!” Damari alimaka. Na huku Unyakyusa, jamani, mwanamke na baba mkwe hawaonani. Akisikia anakuja, mwanamke hutimua mbio akajifiche. Hata jina lake hathubutu kulitamka. Ndivyo walivyoishi tangu aolewe. Na mume, ambaye labda angesaidia, yuko Rodesia anachimba shaba ya wenyewe.

Karani akatoka kumwita jumbe. Damari kusikia fimbo ya mzee inagonga ngazi, huyo, akaruka dirishani! Akajibanza chini ya ukuta.

“Mzee, unamjua Damari, mke wa mwanao?”

“Namjua sana. Mchapakazi yule, na kusoma amesoma.”

“Basi nikimleta, umwangalie useme ndiye.”

“Nimwangalie?” Mzee aling’aka. “We kijana, una adabu kweli? Sijawahi kumwona usoni hata siku moja!”

“Sasa utaapaje kwamba unamjua?”

Mzee akakuna kichwa. Kuapa uongo hawezi, ni mzee wa kanisa. “Ninachokijua ni mgongo,” alisema mwishowe. “Akiwa anakimbia.”

Kule nje uchungu ulimpanda Damari. Asome kwa kibatari mpaka macho yamuwashe, halafu kura impite hivi hivi? Thubutu! Akajifunga kanga kibwebwe, akachomoka mbele ya dirisha kuelekea mashamba ya mpunga, akaruka mtaro, matope yakaruka naye.

“Huyooo!” Mzee alipiga kelele dirishani. “Ndiye! Andika, karani! Bega la kushoto juu, kisigino nje! Naapa mbele ya Mungu, Kyela nzima hakuna mwingine anayekimbia hivyo!”

Baraza zima likaangua kicheko. Karani aliandika huku akijifuta machozi, kisha akasema lazima Damari mwenyewe arudi atie sahihi. Mzee hakubishana. Aligeukia ukutani, akajifunika koti kichwani, akatulia.

Damari akaitwa, akaingia akihema, miguu imejaa tope. Aliona haya, na furaha yake haikuwa na mfano. Akatia sahihi.

“Karani,” sauti ya mzee ikatoka ndani ya koti, “mwambie huyo aliyeingia: siku ya kura apange foleni kama watu wengine. Nikimwona, nitakayekimbia ni mimi.”