Mvua ya Tisini na Tisa Nukta Tisa

Kabla maendeleo hayajatufikia, mradi wetu wa mbegu mjini Busia ulikuwa unapata habari za mvua kwa njia ya aibu sana: kwa watu. Osukuku wa Adungosi, fundi baiskeli mmoja wa Nangina, na Mama Leonida wa Butula, kila mmoja alikuwa na mkebe wa kupimia mvua uani kwake. Saa tatu asubuhi anachungulia, anaandika namba kwenye karatasi, na kila Jumatatu karatasi za wiki zinaletwa na watu wa boda boda wanaokuja mpakani na baiskeli zao. Mimi, Paulinus Wabwire, karani, nilijumlisha. Mkebe wa mahali ukifikisha milimita thelathini kwa wiki, nilipiga muhuri tangazo, nikatia sahihi, likabandikwa sokoni kwao: pandeni. Tulifanya hivyo miaka minane. Hatukuwahi kukosea kwa zaidi ya siku mbili tatu, jambo ambalo bila shaka liliwachosha wafadhili.

Mapema mwaka 1999, mratibu wetu, Bwana Ogendo, alirudi kutoka semina Nairobi na habari njema. Tungeachana na mikebe. Tumepata kampuni ya ng'ambo yenye setilaiti, au inayomjua mtu mwenye setilaiti, sikuelewa vizuri. Namba zake zingeingia kwenye kompyuta kwa njia ya simu, mvua ya siku kumi zijazo, kila mahali na yake. Kupima mvua iliyokwisha kunyesha ni kazi ya watu wa zamani. Sisi tungejua ile ambayo haijanyesha.

"Hizi karatasi zinanuka moshi," Bwana Ogendo aliniambia. "Wafadhili hawawezi kuona hiyo. Enda ukusanye hiyo mikebe."

Nikaikusanya. Mama Leonida alinikabidhi wake ukiwa umesuguliwa kwa majivu hadi unang'aa. Aliuliza kama kuna mahali alikosea. Nikamwambia hapana, ni mambo ya mitambo. Nilijisikia vibaya, lakini si sana. Nilikuwa nimeahidiwa cheo cha ofisa wa takwimu, pamoja na barua ya ajira ya kudumu ambayo nilikuwa naisubiri tangu siku niliyoingia pale kama kibarua.

Fundi aitwaye Quinton alikuja kutoka Nairobi akafunga kompyuta, ikavishwa kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi, na tukaachiwa kitabu cha maelekezo. Bwana Ogendo hakukisoma, kwa kuwa yeye ni mratibu. Mimi nilikisoma chote, maana sikuwa tena na karatasi za kujumlisha. Ukurasa wa arobaini na moja ulieleza kwamba siku ambayo mtambo wa kampuni umeshindwa kukadiria mvua, hauachi pengo. Unaandika 99.9. Maana yake: hatujui. Nilipigia mstari.

Wiki ya pili ya Machi, siku ya Jumanne, namba za kwanza zikaingia. Adungosi sifuri tupu. Nangina vilevile. Butula, Jumatatu ijayo, milimita sita. Jumanne, Jumatano na Alhamisi, 99.9, 99.9, 99.9, kisha sifuri. Bwana Ogendo alijumlisha mwenyewe kwa kikokotoo, akapata mia tatu na tano nukta saba, akapiga meza.

"Umeona? Mia tatu! Hao watu wa mikebe walikuwa wanatuletea nne, tano, kama chumvi ya kuomba kwa jirani."

Nje ya dirisha malori yaliyopanga foleni ya mpakani yalikuwa yamebadilika rangi kwa vumbi. Mbinguni hakukuwa na hata wingu la kudanganyia mtoto.

Nilimwonyesha ukurasa. Naomba mnihesabie hilo, ni dogo lakini ni langu. Aliusoma ule mstari, akafunga kitabu taratibu.

"Wabwire, wafadhili wanafika hapa Ijumaa kuona wakulima wakipanda kwa setilaiti. Hema nimeshaagiza. Sasa niwaambie machine imesema haijui?"

"Ndivyo ilivyosema, boss."

"Wewe uko na digrii ya mawingu? Sign hapo. Na mimi nitasign barua yako."

Nikatia sahihi. Tangazo likaenda Butula: mvua kubwa yaja, pandeni kabla ya Jumatatu. Watu walikuwa bado wanakumbuka mafuriko ya mwaka juzi, kwa hiyo namba kubwa hazikumshangaza mtu. Kilichowasumbua ni jua lililokuwa likiwachoma wakati wanasoma tangazo.

Alhamisi Mama Leonida akaja ofisini, ameketi nyuma ya baiskeli ya boda boda tangu Butula, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wajane kumi na wawili. Mbegu zao za mahindi zilikuwa gunia moja, na kwa kanuni zetu kikundi hupewa mbegu mara moja tu. Likiharibika gunia hilo, mwaka wao umekwisha. Hakutaka kiti.

"Paulinus, mwanangu, hiyo mvua mimi siioni. Udongo iko moto, mchwa wako juu wanatafuta chakula. Wamama wamesema nisipande mpaka nikuulize wewe na mdomo yako."

Mlango wa Bwana Ogendo ulikuwa wazi. Nilimsikia ameacha kuandika. Barua yangu ilikuwa mezani kwake, imeshachapwa, inasubiri kalamu tu.

"Pandeni, mama," nikasema.

"Haya basi. Asante sana."

Akanipa mkono. Hilo ndilo lililonikosesha raha siku nzima, kwamba alinishukuru.

Ijumaa ilifana. Kulikuwa na hema, soda na hotuba. Wafadhili waliwapiga picha wajane wameinama wakifukia mbegu kwenye vumbi, wakasifu jinsi teknolojia inavyomfikia mwanamke wa kijijini. Mmoja aliuliza zamani mvua ilijulikanaje. Bwana Ogendo akajibu kwamba watu walikuwa wanabahatisha, na hema zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Jioni barua yangu ikasainiwa.

Jumatatu ilinyesha milimita sita. Tusiionee kampuni, hiyo iliipata barabara. Ilitosha kuamsha mbegu. Jumanne jua likatoka, na halikuondoka kwa wiki nne. Mahindi ya Butula yalifika urefu wa vidole viwili, yakanyauka, na mchwa wakafagia. Adungosi na Nangina, ambao setilaiti haikuwapa bahati ya kutojulikana, hawakuwa wamepanda. Mvua yenyewe ilikuja katikati ya Aprili, nzuri, ya kutosha, kwa wale waliokuwa bado na mbegu. Bwana Ogendo aliandika ripoti kuhusu changamoto za kipindi cha mpito, akaomba kompyuta ya pili.

Baada ya mvua hiyo nilivumilia siku nne, kisha nikapanda baiskeli hadi Butula. Nilimkuta Mama Leonida shambani na wenzake, wanachomeka marando ya viazi vitamu mahali palipokuwa na mahindi. Alinawa mikono, akaniletea kigoda kama mgeni wa heshima.

"Kaa, usiogope," akasema. "Hawa wamama walitaka kuja huko ofisi wavunje hiyo machine. Nikawaambia Paulinus mwacheni, huyo ni kijana wetu, hata yeye alidanganywa. Si ni hivyo?"

Neno lenyewe, ndiyo, lilikuwa fupi, na alikuwa ameshanitafunia. Ilibaki kumeza tu. Nilimtazama, nikaona hata hakuwa ananipima. Aliamini hivyo.

"Sikudanganywa, mama. Nilijua. Ile namba haikuwa mvua, mtambo ulikuwa unasema haujui, na mimi nilikuwa nimeisoma kabla hujaja kuniuliza. Nilikwambia mpande kwa sababu nilitaka barua ya kazi."

Nilingoja anitukane, kwa kweli nilitamani anitukane. Badala yake aligeukia shambani akaita, na wanawake wakaacha marando chini, wakaja na udongo mikononi, wakasimama kunizunguka wote kumi na mmoja.

"Rudia," Mama Leonida akaniambia. "Na usiseme haraka haraka. Mama Truphena hasikii vizuri."

Nikasimama kutoka kwenye kigoda, nikarudia kwa sauti.