Kifungo cha Koti

Mume wangu alibakiwa na neno moja tu: haya. Mtu aliyekuwa mshereheshaji wa harusi, akishika maiki bwana harusi mwenyewe anasahaulika! Mtu niliyekuwa nikimwambia kitandani, "Baba, hebu nyamaza tulale." Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akifunga kamba za viatu, kikamchukua upande wa kulia pamoja na maneno yote. Hilo moja kililiacha. Labda kilichoka kubeba, maana alikuwa nayo mengi.

Basi tukaishi na hilo. Asubuhi namwogesha, namlisha, namlaza kwenye kochi karibu na dirisha, namwekea simu yake kwenye kiganja cha kushoto, nakwenda saluni. Mimi ni msusi. Nisiposuka hatuli, kwa hiyo asinitolee mtu macho kwamba nilimwacha peke yake. Saluni yenyewe ipo mtaa wa pili, nikikimbia nafika nyumbani kabla mteja hajamaliza kulalamika.

Simu ile ilikuwa ya zamani, yenye kitufe cha duara chini ya kioo, kimelika mpaka rangi imetoka. Fundi simu wetu aliitengeneza hivi: ukikibonyeza kitufe ukakishikilia, inanipigia mimi. Basi, haina jingine. Dole gumba la mume wangu lilikizoea kitufe kile tangu enzi za harusi, lilikipata hata akiwa anasinzia. Simu inaita saluni, naibana kwa bega, mikono imo kichwani mwa mtu, nasikia: "Haya." Nami naijua ni ipi. Kuna ya kiu. Kuna ya "nimejilowesha, njoo." Kuna ile ndefu ya mtu aliyechoka kutazama ukuta. Hiyo ikija naweka simu mezani asikilize umbea wa wateja.

"Dada, mapenzi gani hayo, mume anapiga kutwa?" wananitania.

"Wivu ukikuzidi kanywe maji," nawajibu.

Halafu simu ikaanza kuvimba. Kwanza kioo kilinyanyuka kidogo pembeni, nikadhani imeanguka. Baadaye mgongo wote ukatuna kama shavu lenye jino bovu. Nikaipeleka kwa fundi.

"Mama, hii betri itapasuka," akasema, hata kuishika hataki. "Unalaza bomu na mgonjwa?"

"Weka nyingine."

"Nyingine iko wapi? Simu hizi wenzake walishazikwa. Nikibahatika kupata maiti ya mwenzake nitakutolea betri, lakini usikae ukasubiri. Nunua mpya."

Mpya! Watu wanatamka neno hilo kirahisi sana. Nikamwambia fundi kwamba mume wangu hawezi mpya, hana kichwa cha kujifunza tena, kilichobaki ni hilo dole. Akanitazama kwa huruma, nami huruma za bure sizipendi, nikachukua simu yetu iliyovimba nikaenda zangu.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, aliposikia alikuja na simu mpya kwenye boksi. Kioo kitupu kutoka juu mpaka chini, kinang'aa, hakina kitufe wala kovu.

"Wifi, dunia imesonga," akasema. "Kaka yangu huyu, siyo wako peke yako. Unataka aungue ndani?"

"Na asiponipigia je?"

"Atajifunza. Mbona hata watoto wanajifunza?"

"Watoto hawajapigwa na kiharusi, wifi."

Tukanuniana mpaka akaondoka. Boksi nikaliweka juu ya kabati. Nilikuwa naogopa zote mbili, jamani. Nikiiacha ile ya zamani itamuunguza, nikiitoa nimemkata ulimi kwa mara ya pili. Nikawa naikagua kila asubuhi kama mtu anayekagua jipu.

Siku niliyokuta shuka lina alama ya kahawia chini ya mkono wake, kitambaa kimekauka na kunuka moto, nilishusha boksi. Sikuwa na ujanja tena. Ile ya zamani nikampelekea fundi aitunze mbali na nyumba, akipata betri sawa, asipopata basi.

Mafunzo yakaanza. Wifi aliiweka simu mpya iwe na picha yangu chini kabisa ya kioo. Ukigusa picha, inanipigia. Kugusa tu, tena kidogo. Mume wangu hakujua kugusa, alijua kubonyeza. Na alikuwa anabonyeza pale pale palipokuwa na kitufe, kwenye ukingo, chini ya picha, ambako hakuna kitu. Anabonyeza mpaka ukucha unakuwa mweupe, halafu ananitazama.

"Haya?"

"Juu kidogo, baba. Hapa usoni kwangu."

Nalishika dole nalipandisha. Nikiliachia linarudi chini.

Nikamwaza mume wangu wa kabla ya kiharusi. Alikuwa na koti jeusi la kazi, lenye vifungo vikubwa, ambavyo akianza kuongea alikuwa anavisugua kwa dole gumba kimoja baada ya kingine. Nikakata kifungo kimoja, nikachukua gundi yangu ya kubandikia kope, nikakigandisha kwenye ule ukingo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba dole likifika kwenye kifungo lijue limefika, kisha lipande kidogo tu, likute picha. Mbona ilikuwa akili nzuri! Hata wifi alicheka akasema mimi fundi.

Asubuhi iliyofuata nilimpa ajaribu. Dole likapapasa, likakuta kifungo, likateleza juu. Simu yangu ikaita kifuani. Nikapokea nikiwa nimesimama mbele yake.

"Haya!" akasema, kwa sauti ile ya ukumbini, na nusu ya uso wake ikacheka. Nikambusu kipara. Nilikwenda saluni nikiimba, mtu mzima mimi.

Siku hiyo nilikuwa na bibi harusi na ndugu zake, vichwa vimepangana kwenye benchi. Simu haikuita asubuhi. Mchana haikuita.

"Leo mzee kakusamehe," mteja mmoja akasema.

"Leo ametulia," nikasema. Nilifurahi. Nilimpigia mara moja, haikupokewa, nikakumbuka hajafundishwa kupokea, nikaendelea kusuka.

Niliporudi nyumbani nilimsikia kabla sijafungua mlango. Alikuwa sakafuni, kati ya kochi na meza, amelalia ule mkono usiofanya kazi, kikombe cha maji kimepinduka mbali naye. Amejilowesha, midomo imekauka mpaka imepasuka. Simu ipo sikioni. Dole gumba lipo juu ya kifungo.

"Haya," alikuwa anaiambia simu, sauti imekwisha, imebaki pumzi. "Haya. Haya."

Nikapiga magoti. "Nimekuja, baba, nimekuja." Hakunitazama. Alikuwa bado anabonyeza. Ilibidi nilibandue dole kwa nguvu, na nilipolibandua nikaona kifungo kimejichora kwenye nyama, duara zima na matundu yake manne. Alibonyeza kutwa. Alikuwa na hakika kwamba ananipigia, kwamba mimi nimepokea, namsikia, na siji.

Nilimweleza. Nilimwogesha na kumbadilisha huku naeleza: kile ni kifungo tu, baba, ni cha koti lako, hakipigi, mimi sikusikia kitu. Nikamwonyesha na koti lenyewe, uzi ulipokatika. Ananitazama tu. Maelezo nayo yanataka kichwa cha kuyapokea, na kichwa hicho ndicho nilichomwambia fundi kwamba hana.

Kuanzia pale nilimlipa binti wa jirani awe anamchungulia. Simu hakuishika tena. Nikimwekea kiganjani, anafungua vidole na kuiacha idondoke.

Kisha fundi akaja saluni mwenyewe, anacheka mpaka gego linaonekana. "Mama, nimepata maiti!" Simu yetu ya zamani mkononi mwake, mgongo umelala bapa, inawaka. Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikakimbia na aproni yangu mtaani, watu wakadhani kuna msiba.

"Baba, ona! Simu yako imepona!"

Nikaiweka kwenye kiganja cha kushoto. Dole gumba likaenda lenyewe, likakuta kitufe, likatulia juu yake. Nikasubiri. Halikubonyeza. Akanitazama, safari hii alinitazama kweli, kisha akafungua vidole taratibu, simu ikateleza mpaka kwenye mto.

Nikaiokota. Nikalishika dole lake, nikalikandamiza mimi kwenye kitufe, nikalishikilia. Simu yangu ikaita mfukoni mwa aproni. Nikapokea, nikaiweka sikioni, nimekaa naye goti kwa goti.

Nikasikia pumzi yake mara mbili, humo kwenye simu na hapo mbele yangu. Alikuwa ameshageukia ukuta.

"Haya," nikasema mimi.