Maji ya Matofali

Mvua ya kwanza ilipogonga mabati, dada yangu Joy alikuwa ndani na mtoto wake wa wiki mbili. Mimi, niliyemjengea nyumba hiyo, nilikuwa nje nikizikagua kuta.

Matofali yalikuwa ya udongo na simiti kidogo, ya kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, ili tusikate mti hata mmoja. Fundi aliyenifunza alisisitiza niyamwagilie maji wiki mbili, ndipo simiti ishike. Lakini kilikuwa kiangazi, na mbuzi walikuwa wanaanguka kwa kiu. Mturkana gani atamwagia udongo maji mbuzi akimtazama? Niliwanywesha mbuzi. Fundi nikamdanganya.

Sasa niligusa ukuta, na kidole kikazama kama kwenye ugali.

“Joy! Toka na mtoto! Haraka!”

Alichungulia mlangoni, mtoto kifuani. “Kwa mvua hii, Ewesit? Mtoto augue?”

“Ukuta, Joy! Ukuta haukushika!”

Akacheka. “Wacha kunitisha. Kama ingekuwa mtu mwingine amejenga, ningeogopa.”

Akavuta mlango kwa nguvu kuzuia upepo, na ukuta mzima ukatikisika.