Msiba wa Takataka ya Kahawia

Jana usiku niliota niko msibani, na marehemu hakuzidi punje ya mchele.

Kalazwa juu ya jani la kabichi, tena kabichi yangu mwenyewe, ya shamba la bondeni. Ni mdudu wa kahawia, mabawa yake yana vinyweleo na mishipa kama wavu, miguu kaikunja kifuani. Nilimtambua. Ni ile takataka inayodondoka kila nikitikisa majani wakati wa palizi. Nikajisemea, msiba mzima huu wa nini, watu wamekosa kazi?

Lazima nilieleze hilo shamba. Mume wangu alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakaamua niendelee kulilima maadamu navuna. Msimu nikishindwa, linakwenda kwa shemeji yangu, Shekigenda. Shemeji ana huruma mno. Huja kunipa pole ya kabichi kabla hazijaharibika. Safari hii vidukari wameingia kweli, wale wadudu wa kijivu wanaojazana nyuma ya jani wakinyonya, basi jana jioni akaniletea bomba lake la kupulizia, limeshajazwa dawa, akasema asubuhi atakuja kupuliza yeye mwenyewe, nisijichoshe. Bomba likalala chumbani kwangu, karibu na kitanda. Nadhani ndiyo maana nililikuta msibani.

Limeketi upande wa wanaume, limevaa kanzu ya shemeji, mikanda imekunjwa kwa adabu. Nasema poleni na msiba. Linajibu tumeshapoa, ila nikae mbali kidogo maana linavuja.

Upande wa wanawake vidukari wamejaa mkeka mzima, wanalia huku wanakula. Mmoja ananipa mkono. Kabla hajamaliza kusema kazi ya Mungu, keshazaa. Binti aliyezaliwa naye ananipa mkono, naye anazaa. Nawauliza waume zao wako wapi. Wananitazama kuanzia juu mpaka chini, na mmoja anasema kwao mambo ya waume ni ya wasiojiweza. Mjane mimi, naambiwa hivyo na mdudu!

Wakaniomba nisaidie kumtengeneza marehemu, kwa kuwa ndiye niliyemzoea. Nikachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga yangu, nikamfunga miguu ya nyuma, kama tunavyowafunga maiti wetu vidole gumba vya miguu. Nilikuwa nakaza fundo aliponisemesha.

"Umekaza mno. Hata kufa, mtu asife kwa raha zake?"

Nikamwambia marehemu hawasemi.

"Sijafa. Nikishtuliwa hujilaza, nikakunja miguu mpaka adui apite. Mjusi anadanganyika, anapita zake. Kinyonga naye anapita. Wewe unachukua ufagio."

Kweli nachukua ufagio. Kwetu shamba la mjane linatazamwa kuliko uso wake. Likionekana na takataka, watu wanasema kachoka huyo, apewe mwanamume. Kwa hiyo matuta yangu nayafagia kama uani, nakusanya majani makavu pamoja na vile vitu vya kahawia, nachoma ukingoni. Bonde zima linanisifu. Nikamweleza marehemu hayo yote, kwa maringo kidogo.

"Mimi nakula vidukari," akasema. "Wanangu wanakula vidukari. Tumekulindia kabichi tangu mvua za kwanza, ukatuchoma kwa usafi. Sijapata kuona mwenye shamba anayechoma walinzi wake ili majirani wamsifu."

Nikaona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Nikamuuliza mbona siku zote hizo hakusema. Akajibu kwamba alikuwa amekufa, angesemaje.

Mara hatumo tena ndani. Mkeka umekuwa tuta, ukuta umekuwa kabichi, na sisi sote tumekaa upande wa chini wa jani, vichwa vinaning'inia. Hakuna anayeshangaa. Chai inamiminwa kwenda juu.

Msemaji wa familia anasimama. Ni sisimizi mweusi, kavaa kofia ya shemeji. Huyu huwakama vidukari maji yao matamu kama watu wanavyokama mbuzi, kwa hiyo uchungu wake ni mkubwa. Anatangaza kwamba marehemu ameacha shamba, na kwamba yeye, pamoja na majonzi yote aliyonayo, yuko tayari kulibeba. Limebaki jambo dogo tu la kuwazika watoto.

Nikauliza kwani watoto nao wamekufa.

"Bado," akasema sisimizi. "Bomba litashughulikia. Vidukari wachache wakibaki watajaa upya kwa siku mbili, walinzi hawarudi."

Bomba likakohoa. Likasema halina ugomvi na mtu, isipokuwa ubavuni mwake pameandikwa liwekwe mbali na watoto, nalo linaheshimu maandishi. Ila watoto wa nani, hawakuandika. Likaomba wenye busara walisaidie.

Kabla hajapatikana mwenye busara, watoto wa marehemu wakaingia. Ni viumbe vyembamba, taya zimepinda kama mundu, wanatembea wakitikisa vichwa huku na huku. Salamu hawana. Kila mmoja akakaa ubavuni mwa kidukari, akamchoma taya, akaanza kumnywa. Vidukari wakaendelea na rambirambi. Mmoja alikuwa ananiambia nijikaze, dunia tunapita, na kila akisema anasinyaa, mpaka ikabaki ngozi yake imekaa kwa heshima mbele yangu.

Sisimizi akaliamuru bomba lipulize. Bomba likauliza, kwa upole, kama hawa ni watoto au si watoto.

"Hao ni takataka," akajibu, na sauti ilikuwa ya shemeji kabisa.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo. Changu kilikuwa kimevaa kofia. Anayeomba kabichi zangu zife ndiye aliyeniletea dawa, na mimi nikampokea na ahsante juu. Bomba likaanza kuinua mpini. Nikamwinamia marehemu nikamuuliza nifanye nini.

"Unanishangaza, Mama Mwanaidi," akasema. "Mtu anakuja kukumaliza, wewe unamfungulia mlango na chai unampikia. Jifunze kufa kidogo."

Nikaamka. Kumekucha, na mlangoni kuna mtu.

"Hodi, shemeji. Nipe bomba nikapulize kabla jua halijawa kali."

Nikaligeukia bomba. Juu ya kifuniko chake kulikuwa na kipande cha jani kavu, cha kahawia, hakizidi punje ya mchele. Nikasogeza uso. Miguu ya nyuma ilikuwa imefungwa uzi mwekundu, na fundo lilikuwa langu. Nikashika pindo la kanga niliyolala nayo. Limefumuka.

Nikaukata uzi polepole kwa ncha ya wembe. Hakutikisika, jeuri yule.

Shemeji akabisha tena, akauliza mbona kimya. Nikarudi kitandani, nikalala chali, nikakunja miguu kifuani. Akaniita kwa jina la heshima. Akaniita kwa lile lisilo la heshima. Akazitukana kabichi zangu pamoja na ukoo uliomwachia mwanamke shamba, kisha nikasikia viatu vyake vikishuka njiani.

Nikataka kuinuka. Nikatupia jicho kwenye kifuniko: marehemu bado kakunja miguu. Basi nami nikatulia. Haikupita muda, chini ya dirisha langu mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha mtu aliyekuwa anajizuia, ndipo viatu vikaondoka kwelikweli.

Mdudu akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha mwingine, akatandaza mabawa yake, akatoka dirishani kuelekea bondeni. Ndipo na mimi nikafufuka.